Bibi Veneranda Hataki Kuzikwa

Kagunga, 30 Septemba 2023

Mla-mgebuka mwenzangu,

Wewe uliyekula samaki wa ziwa hili kama mimi, kaa hapo, usisimame. Nina barua tisa hapa na nimeshindwa kukaa nazo peke yangu.

Naitwa Nehemia, katekista wa kigango cha Kagunga, kijiji cha mwisho mwambao wa ziwa kabla hujaingia Burundi. Padre anakuja na boti mara moja kwa mwezi. Siku zilizobaki zote ni mimi: nafundisha watoto wa komunyo, naongoza ibada, nazika watu. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nimejisomea mwenyewe, chochote chenye maandishi, hadi magazeti ya kufungia vitumbua.

Scola ni mjukuu wa Bibi Veneranda. Anakaa mjini, Kasingirima, kwa baba yake, mtoto wa Bibi, ambaye ni diwani wetu, Bonaventura. Anamuuzia dukani kwake, nyavu na vifaa vya ujenzi. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo miaka mitatu mimi ndiye niliyekuwa namwandikia na kumsomea. Utasema simu si zipo? Huku simu inadaka mtandao wa ng'ambo, unampigia mtu wa Kibirizi, hapo mjini, unajibiwa Kirundi. Barua tunampa mtu wa boti, basi. Zile zilizokwenda kwa Scola amenirudishia.

Zisome. Nina swali moja tu, nitakuuliza ukimaliza.

Nehemia

*

Kagunga, 4 Juni 2023

Scola mjukuu wangu,

Mwakeye. Mimi bibi yako sijambo, mgongo tu, na mgongo si ugonjwa, ni umri. Nehemia, andika hivyo hivyo, usinitengenezee maneno.

Nimekutumia mawese chupa mbili. Moja usimwonjeshe baba yako mpaka aondoe seng'enge. Maana kaja na mafundi, kazungushia waya mchanga wetu wote wa kuanikia dagaa, kuanzia kwenye lile jiwe kubwa mpaka kijitoni. Kaweka na mlinzi. Anasema utajengwa mtambo wa kukaushia. Nikamuuliza, "Bona, huo mtambo unakula nini?" Kasema umeme. Nikamwambia, "Umeme unakatika. Jua la hapa umewahi kusikia limekatika?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Mchanga ule umemvalisha baba yako sare za shule, na wewe baada yake. Sasa tunaanika juu ya mawe, dagaa zinashika ukungu upande wa chini, wanunuzi kutoka Burundi wanazibinua kwa mguu. Kwa mguu, Scola.

Uje. Mwisho wa mwezi huu, sikukuu ya Petro na Paulo, uje, nyumba imekuwa kimya mno, na watu huku wanakuulizia kila siku.

Imana ikurinde, Mungu akulinde.

Bibi yako Veneranda
(aliyeandika ni Nehemia)

*

Kasingirima, 14 Juni 2023

Shikamoo Bibi,

Mawese yamefika, moja nimeificha chini ya kitanda kama ulivyoagiza. Baba nimemwambia habari ya mchanga. Anasema ni maendeleo, kinamama watapewa ajira humo humo kwenye mtambo. Sikukuu sitaweza kuja, duka halina mtu. Nakutumia khanga na dawa ya kuchua mgongo. Usichue mwenyewe, mwite Mama Esther.

Nehemia, kuanzia hapa usimsomee.

Mtu wa boti kaniambia kamwona Bibi amekaa chini njiani, ameshika kifua. Anakohoa? Niambie ukweli. Kuhusu waya, mimi sijui lolote, usiniulize. Na wewe unakula kweli? Krismasi nilikuona shingo imebaki ya kuku. Kula.

Scola

*

Kagunga, 26 Juni 2023

Scola,

Bibi hajambo.

Sasa sikiliza! Nimeokota kijitabu kwenye kabati la kigango, hakina jalada, mchwa wamekula mwanzo na mwisho. Kinaeleza wakulima wa nchi za mbali huko, watu wa mpunga na kahawa kama sisi tu, walivyokuwa wanakaa chini na kusoma Injili wenyewe bila kumsubiri padre, halafu wanaulizana: hapa Mungu yuko upande wa nani? Yaani swali hilo tu! Nilikuwa nasoma huku natembea, nikamkanyaga bata wa Mama Esther, nimeombewa laana ya Kiha ambayo hata sijui maana yake.

Basi jana nikawauliza kinamama wa jumuiya. Tulisoma habari ya yule mfalme aliyelitamani shamba la jirani yake mpaka akamuua. Halafu Mama Dainess kasema, "Huyo mfalme angekuwa na seng'enge asingehitaji kuua mtu." Tulicheka, tukaacha kucheka, na hapo ndipo maneno yakaanza kutoka. Scola, watu ambao nimewasikia wakiimba tu miaka yote, wakaanza kusema!

Unajua kwetu jumuiya ndiyo inazika. Inachimba, inapika, inaimba, inalala msibani. Asiye na jumuiya anafukiwa kama mbuzi. Basi nikatoa wazo na likapita: nyumba ya diwani, yeye na watu wa damu yake, hatuwashikii jembe mpaka waya uondoke. Hatupigi mtu, hatuchomi kitu, tunakunja mikono tu. Mama Esther mwenyekiti kahesabu waliokubali, thelathini na moja. Hakuna aliyekataa.

Usinielewe vibaya. Wewe siyo baba yako.

Nehemia

*

Kasingirima, 5 Julai 2023

Nehemia,

Umeandika "watu wa damu yake". Huko Kagunga damu yake ni mtu mmoja. Ana miaka themanini na moja. Sasa jembe mmemnyima nani? Na hakuna aliyekataa, sawa, Bibi alikuwa wapi? Mlimtuma maji?

Unasema Mungu ana upande. Nakubali, sikatai, hata mimi nikimfikiria Mungu simwoni amesimama na mlinzi wa baba. Lakini mimi ninayekula ugali wa baba, nimesimama wapi? Nihame nyumba kwanza ndipo Mungu anione?

Baba si Farao. Baba analia timu yake ikifungwa. Alipokuwa mdogo wenzake walimkimbia darasani kwa sababu ya shombo ya dagaa, na mpaka leo anaoga mara tatu kwa siku. Simtetei. Nakwambia tu ni nani mmemkunjia mikono.

Lakini baba siye anayenitisha, ni wewe. Umegundua una nguvu. Bila karatasi yako mtu habatizwi, haoi, hazikwi. Umeijua nguvu hiyo jana tu, na kitu cha kwanza ulichokifikiria ni kaburi.

Scola

Sijakuchukia. Nimekasirika tu. Umekula?

*

Kagunga, 13 Julai 2023

Scola mjukuu wangu,

Barua yako nimesomewa yote. Mwandishi alitaka kuruka sehemu, nimemwambia nitakufa leo leo hapa mbele yako kama huisomi, akasoma. Jasho lilimtoka.

Ni kweli walimkimbia baba yako. Nilikuwa namsugua na limau kabla ya shule, analia, mimi pia nalia, tunakwenda. Limau zile na shule ile vilitoka kwenye dagaa zile zile. Hilo amelisahau, na simlaumu, mtu hawezi kukumbuka kila kitu. Lakini kuna wa kumkumbusha.

Mambo ya mkutano mwachie bibi yako. Usigombane na mwandishi wangu, ni mtu wa haraka haraka lakini hana kona. Mimi sijambo kabisa, nakula, nalala, nasali.

Imana ikurinde, mwanangu.

Bibi yako Veneranda
(aliyeandika ni Nehemia)

*

Kagunga, 21 Julai 2023

Scola,

Kaa chini kwanza.

Bibi ametutoka leo saa kumi na moja alfajiri. Mama Esther alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Hakuhangaika. Boti inaondoka sasa hivi, naandika nimesimama.

Nimekudanganya. Alikuwa anakohoa tangu Mei. Zahanati walimpa dawa, akaambiwa aende mjini, akakataa, akaniapisha nisikwambie. Kila nilipoandika "hajambo" alikuwa amekaa pembeni yangu anaangalia kalamu, kana kwamba anajua kusoma.

Na mkutano ule, Bibi alikuwepo. Alinyoosha mkono wa kwanza, kabla ya mtu yeyote. Mimi nikamwambia, "Bibi shusha, hili linakugusa wewe." Akasema, "Ndiyo maana nanyoosha."

Juzi alinikamata shati. Kasema, "Nikifa msinishikie jembe mpaka Bona ang'oe ule waya. Nikiwa mzima hanisikii. Atanisikia nikiwa nimelala hapa namsubiri." Akaniambia niape. Niliapa, Scola.

Sasa kinamama wamekaa nje ya nyumba, hakuna aliyeshika chochote. Baba yako hapatikani. Nifanyeje?

Nehemia

*

Kasingirima, 21 Julai 2023

Nehemia,

Baba yuko Kasulu kwenye kikao, nimempata, anarudi jioni. Atatangulia huko alfajiri na boti ndogo. Mimi nitakuja kesho na boti ya abiria, na jeneza, pamoja na shangazi.

Wewe sikuamini.

Miaka mitatu kila neno la Bibi linanifikia kwa mwandiko wako. Mwezi wa sita uliandika eti Bibi kasema nije Petro na Paulo. Bibi huyo huyo Krismasi aliniambia nisithubutu kupanda boti Juni wala Julai, upepo ni mbaya. Yale yalikuwa maneno yako. Nilijua. Nilivyo mjinga nilifurahi, nimeilalia ile barua wiki nzima. Lakini kama uliweza kumwekea Bibi neno dogo mdomoni kwa sababu ulilitaka, hili kubwa nitajuaje si lako? Wazo la jembe si uliniandikia mwenyewe kwamba ni lako?

Kagunga hakuna chumba cha maiti. Hili jua la Julai unalijua. Yule ni mtu aliyenibeba mgongoni, si bango la kuandamana nalo.

Mzike bibi yangu, Nehemia. Sikuombi kwa cheo cha mtu. Nikishuka kwenye boti nikakuta hakuna kaburi, usinisalimie tena.

Scola

*

Kagunga, 25 Julai 2023

Scola,

Uliposhuka ulikuta kaburi tayari na hukuuliza nani kachimba. Ngoja nikwambie, kwa sababu baba yako najua hatasema.

Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, peke yake, viatu mkononi. Aliingia akakaa na mama yake kama nusu saa. Alipotoka akawasalimia kinamama shikamoo, mmoja mmoja. Mama Esther kaitikia, "Marahaba, Bona. Pole sana mwanetu. Majembe hatuna." Kijiji kizima cha wakulima, majembe hakuna! Akazunguka nyumba tatu. Kila mlango pole, chai, karibu ukae. Jembe hamna.

Mimi barua yako ilikuwa mfuko wa shati, ilikuwa imefika na boti jioni ya siku aliyofariki Bibi. Nikaenda stoo ya kigango nikatoa majembe mawili ya kanisa. Nilipopita mbele ya kinamama hakuna aliyenisemesha. Nilitamani wangenitukana.

Tukachimba wawili. Akaniuliza, "Katekista, hawa wamenigomea?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nani kawafundisha?"

"Mimi."

Akaguna, karibu acheke. "Chimba basi, mwalimu."

Shimo lilipofika kiunoni akasimama. "Mama alikuwa kwenye huo mkutano?"

Scola, hapo ningeweza kusema hapana. Shati lake la diwani limelowa, viganja vimetoka malengelenge, ni mtoto tu anayemchimbia mama yake. Neno hapana lilikuwa linatosha kabisa. Lakini nimeshasema uongo mwingi mwaka huu, wote kwa kumpenda mtu. Nikamwambia, "Alinyoosha mkono wa kwanza." Nikamweleza na kiapo, neno kwa neno.

Akakaa kwenye udongo. Halafu akauliza, "Sasa kama uliapa, mbona unachimba?"

"Scola kaniomba."

Kijitabu changu chote, na wale wakulima, na upande wa Mungu, vyote viliishia hapo. Scola kaniomba. Baba yako akaniangalia kidogo, akashika jembe, tukaendelea. Hakusema atang'oa waya. Hakusema hatang'oa.

Kinamama uliwasikia waliimba. Mama Esther alisema kuimba siyo jembe, kuimba ni haki ya Veneranda. Ila ulipoondoka, Mama Dainess alinijia mlangoni. Kasema, "Katekista, tumebaki thelathini, na thelathini tumelishika neno. Wewe mwenye neno umetuacha nalo njiani."

Na ile ya Petro na Paulo, ndiyo, ilikuwa yangu. Bibi alisema tu kwamba nyumba ni kimya. Hilo la kuuliziwa kila siku, aliyekuwa anakuulizia ni mimi. Ni hilo tu nililowahi kuongeza. Najua huna sababu ya kuamini.

Nehemia

*

Kasingirima, 17 Septemba 2023

Nehemia,

Samahani nimekaa kimya miezi miwili. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona mwandiko wako.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Katonga napeleka nyavu za mteja, nikakutana na Mama Esther kaleta dagaa. Zile za kwenye mawe, robo nzima ina ukungu. Sikumuuliza kitu. Yeye mwenyewe kaniambia, "Bibi yako alikuwa mwanamke! Kanyoosha mkono sisi wote bado tunatazamana." Nikamuuliza kuhusu kiapo. Kasema, "Si nilikuwepo? Nilikuwa nampa uji. Alimkamata Nehemia shati mpaka kifungo kikaruka, nimekitafuta chini ya kitanda sijakiona."

Nilikaa juu ya kreti la samaki, sketi nzima ikalowa. Mama Esther akadhani naumwa.

Kumbe yalikuwa maneno yake. Nami nilikuita mwongo.

Sasa nisikilize na mimi. Ile seng'enge ilitoka dukani kwangu. Roli sita, karatasi ya kutolea mzigo nimesaini mimi. Baba kasema ni za banda la kuku. Kuku gani wa kuzungushiwa seng'enge roli sita? Nilijua, nikasaini, nikakuandikia sijui lolote. Wakati natafuta uongo kwenye barua zako, wangu ulikuwa kwenye barua yangu ya kwanza.

Ulifanya vizuri kumzika. Nikikumbuka lile jua, na uso wake ulivyokuwa bado mzuri, nakushukuru kila nikiamka.

Ulifanya vibaya kumzika. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumsimamisha baba, mwili wake mwenyewe, na alikuwa amekitoa. Mimi na wewe tumemnyang'anya kwa sababu tulimpenda.

Nimejaribu kuchagua moja nikashindwa, nakutumia zote mbili.

Malengelenge ya baba yamepona, lakini akiwa mezani namwona anageuza viganja anaviangalia. Jana nilimwambia, "Baba, seng'enge nilisaini mimi, na mimi ndiye nataka irudi dukani." Akaacha kula. Ila hakunifukuza mezani.

Nitakuja Oktoba. Hakuna sikukuu yoyote, na safari hii hakuna aliyeniita. Nitakuja tu.

Scola

Kula.

*

Kagunga, 30 Septemba 2023, jioni

Mla-mgebuka mwenzangu,

Ndizo hizo. Hakuna nyingine.

Waya bado upo. Asubuhi nimepita, mlinzi kanisalimia vizuri tu, ni kijana wa hapa hapa, mama yake ni mmoja wa wale thelathini. Kinamama wanaanika kwenye mawe. Jumapili wanakuja ibadani wote, wanaimba, wananipa mkono wa amani. Nikiuliza "hapa Mungu yuko upande wa nani?" wanatazama chini, nami natazama chini.

Mama Dainess anasema tungevumilia mpaka jioni tu, Bona angeung'oa kwa meno. Wengine wanasema hapana, angeleta mgambo wachimbe kwa amri, tungekosa mchanga na tungemkosa na Bibi. Padre alipokuja nilimweleza yote. Akaomba maji ya kunywa.

Mimi nikiwa peke yangu kigangoni naipanga ile asubuhi upya. Mara nachimba, mara sichimbi. Nikichimba namsikia Bibi akiniambia niape. Nisipochimba namwona Scola anashuka kwenye boti anatafuta udongo uliofukuliwa, hauoni.

Kwa hiyo hebu njoo usimame pale nilipokuwa. Jua limeshachomoza. Bibi amelala ndani, kiapo chake unacho wewe. Kinamama thelathini wanakutazama na ni wewe uliyewafundisha. Mtoto wake amekaa kizingitini, viatu mkononi. Mjukuu yuko majini anakuja na jeneza. Majembe mawili ya kanisa yako stoo na ufunguo unao.

Unafungua, hufungui?

Nehemia